LORD BADEN-POWELL NA MASHAURI YA WALIOMSAIDIA

Kila mwanafunzi aliyepata kuvaa skafu ya skauti amelisikia jina la Lord Baden-Powell, na picha yake akiwa amevaa kofia pana imo katika vitabu vingi. Wengi wetu hudhani ya kuwa bwana huyu aliketi siku moja akaubuni uskauti wote kichwani mwake, yaani sheria, vikosi, kambi na nishani, kisha akawapa watu waufuate kama ulivyo. Ukisoma habari za maisha yake kwa makini utaona kwamba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sehemu kubwa ya uskauti tunaoujua leo ililetwa na walimu, makasisi, akina mama, vijana, na hata wasichana wadogo, watu waliojitolea bila mshahara, wakamwendea mzee na kumwonyesha palipopungua. Mara nyingi aliwasikiliza. Mara nyingine hakuwasikiliza, na hapo kazi yake iliingia kasoro. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuyaeleza maisha yake kwa upande huu.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857, akaitwa Robert Stephenson Smyth Powell. Baba yake, Kasisi Baden Powell, alikuwa profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Akafa mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama yake, Bibi Henrietta Grace, binti wa admirali wa manowari, akaachwa na watoto wengi na fedha zisizotosha. Alikuwa mama hodari. Mwaka 1869 aliyaunganisha majina mawili ya marehemu mumewe, na tangu hapo jamaa nzima wakajulikana kwa jina la Baden-Powell.

Mwaka 1870 kijana aliingia shule ya Charterhouse. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa pili. Alipenda michezo ya kuigiza, kuchora na kufanya mzaha. Mwaka 1872 shule ilipohamia Godalming, nyuma yake palikuwa na msitu mdogo ambao wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert aliingia. Humo alitega sungura, akawapika kwa moto mdogo usiotoa moshi ili walimu wasimgundue, na akajifunza kukaa kimya akiwatazama ndege na wanyama. Walimu wa leo wanaosoma maneno haya watavumilia, kwa maana msitu ule uliokatazwa ulimfundisha mambo mengi aliyowafundisha watoto wengine baadaye.

Alipotaka kuingia Oxford alikataliwa. Basi akafanya mtihani wa jeshi mwaka 1876, akafaulu sana, akapelekwa moja kwa moja India kuwa afisa wa askari wapanda farasi, akiwa na umri wa miaka 19. Huko ndiko alikoanza kuwafundisha askari kazi ya upelelezi: kusoma nyayo, kutembea usiku kwa kufuata nyota, kukumbuka walichokiona. Aliona kuwa askari aliyezoea kusubiri amri tu hafai kitu akiachwa peke yake porini. Kwa hiyo aliwagawa katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na mkubwa wake, akawaachia kazi waimalize kwa akili zao. Mafunzo hayo aliyaandika katika kitabu kidogo kiitwacho Aids to Scouting, kilichotoka mwaka 1899, nacho kilikuwa cha askari.

Vita vyake vya Afrika havipendezi kusimuliwa vyote kwa sifa, nasi tunaoishi katika bara hili hatuna sababu ya kuvipamba. Alikuwa katika safari ya Waingereza juu ya Waashanti mwaka 1895 na 1896, kisha katika vita vya Wamatabele mwaka 1896. Katika vita hivyo mkuu mmoja wa Kiafrika, Uwini, alihukumiwa na baraza la kijeshi akapigwa risasi kwa amri ya Baden-Powell. Uchunguzi ulifanywa, naye akaonekana hana hatia. Lakini waandishi wa historia hawajaacha kulijadili jambo hilo mpaka leo.

Jina lake lilienea ulimwenguni kwa ajili ya mji mdogo wa Mafeking, huko Afrika ya Kusini. Makaburu waliuzingira tangu Oktoba 1899 hata tarehe 17 Mei, 1900, siku 217. Baden-Powell aliulinda kwa askari wachache na hila nyingi. Alizika masanduku ya mchanga kana kwamba ni mabomu, akawaamuru watu wake warukeruke kama wanaovuka waya wa miiba ambao haukuwapo. Waingereza walishangilia barabarani habari za ukombozi zilipofika. Walisema machache juu ya Wabarolong, ambao mji wao ulikuwa pale pale, ambao wengine wao walishika bunduki kuulinda, na ambao walionja njaa kali kuliko Wazungu kwa sababu ya namna chakula kilivyogawiwa. Kijana mmoja Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa korti, Sol Plaatje, aliandika kila kilichotokea katika daftari lake. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1973, na tangu hapo habari za Mafeking haziwezi kusimuliwa tena kwa upande mmoja tu.

Katika mji ule palikuwa na kikundi cha vijana wa Kizungu kilichopangwa na afisa mwingine, Lord Edward Cecil, wala si Baden-Powell mwenyewe. Vijana hao walichukua barua, wakapeleka ujumbe ngomeni na kusaidia hospitalini, ili wakubwa wapate nafasi ya kupigana. Baden-Powell aliona kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli, na akijua kuwa anaaminiwa, huifanya kama mtu mzima. Wazo hilo hakulisahau.

Aliporudi Uingereza mwaka 1903 alikuta jambo la ajabu. Kile kitabu chake cha askari kilikuwa kinasomwa na walimu na watoto. Walimu walikuwa wakikitumia kuwazoeza wanafunzi kutazama na kukumbuka. Mwaka 1904 alialikwa Glasgow kukagua vijana wa chama kiitwacho Boys' Brigade, ambacho kiliwafundisha vijana dini na nidhamu kwa njia ya gwaride. Alisifu, lakini akasema kwamba wangeongezeka sana kama mazoezi yangekuwa ya kufurahisha zaidi. Mwanzilishi wa chama hicho, William Alexander Smith, hakukasirika. Alimshauri akiandike upya kile kitabu kwa ajili ya vijana. Hilo ndilo shauri la kwanza, nalo lilitoka kwa mtu ambaye angeweza kumwona mgeni kuwa mshindani wake.

La pili lilitoka mbali. Mwaka 1906 bwana mmoja aliyekaa Marekani, Ernest Thompson Seton, mwandishi wa hadithi za wanyama, alimpelekea kitabu chake kilichoeleza jinsi alivyokuwa akiwakusanya vijana porini, akiwafundisha maarifa ya Wahindi Wekundu, na kuwapa alama kwa kila walichoweza. Baden-Powell alichukua mengi humo. Seton baadaye alinung'unika kuwa hakutajwa ipasavyo, na kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kunung'unika. Mtu anayetoa wazo lake bure hudai jambo moja tu, nalo ni kutajwa.

Mwanzo wa Agosti 1907 Baden-Powell aliwachukua vijana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa mabwana wakubwa, wengine watoto wa wafanya kazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Aliwachanganya, akawagawa katika vikosi vinne, akawapa majina ya Mbwa Mwitu, Fahali, Kunguru na Sululu, na kila kikosi kikapewa kijana wa kukiongoza. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyoipata katika vita vya Wamatabele. Walipika, walifuata nyayo, walilinda kambi usiku, na jioni waliketi kando ya moto wakisikiliza hadithi. Kambi ilikuwa ya kujaribu mashauri aliyoyakusanya, kuona yapi yanafaa na yapi hayafai.

Kitabu chenyewe, Scouting for Boys, kilitoka kuanzia Januari 1908, vipande sita, kipande kimoja kila majuma mawili, kwa bei ya peni nne. Hapo ndipo Baden-Powell alipozidiwa na vijana. Yeye hakukusudia kuanzisha chama kipya. Alidhani Boys' Brigade, shule na vyama vingine vilivyokuwapo vitatumia njia zake tu. Lakini vijana walinunua vile vipande kwa senti zao wenyewe, wakajiunga sita sita au wanane wanane, wakajichagulia kiongozi, kisha wakaenda kubisha hodi kwa makasisi na walimu kutafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Barua zilimiminika London. Mwaka 1910 walipohesabiwa, Maskauti wa Uingereza walikuwa wamezidi 100,000. Mwaka huo huo Baden-Powell aliacha jeshi ili aifanye kazi hiyo tu, akiwa na miaka 53.

Kazi ya kuendesha makundi ilikuwa mikononi mwa watu waliojitolea: karani wa benki, mwalimu, kasisi, fundi. Mchana walikuwa kazini kwao, jioni walikuwa na vijana. Kuanzia mwaka 1909 palitolewa gazeti la kila mwezi kwa ajili yao, na Baden-Powell aliandika humo mara kwa mara. Msimamizi aliyejaribu jambo jipya katika kundi lake aliweza kuleta habari zake, zikasomwa na wengine.

Tarehe 4 Septemba, 1909, Maskauti wapatao 11,000 walikusanyika katika Crystal Palace, London. Katika kuwakagua, Baden-Powell alikutana na kikundi cha wasichana waliovaa kofia na skafu kama wenzao. Hawakualikwa. Walikuwa wamekisoma kitabu, wakajifanyia vikosi, wakaja. Katika nchi ya wakati ule ambamo msichana kukimbia barabarani lilikuwa jambo la aibu, wangeweza kufukuzwa. Hawakufukuzwa. Mwaka uliofuata Girl Guides ilianzishwa, ikasimamiwa na dada yake, Bibi Agnes. Kweli, wengi wa wasichana wale hawakupenda kubadilishiwa jina, wala kupewa mafunzo yaliyopunguzwa ukali. Walichokitaka walikipata nusu. Lakini bila ujasiri wao hata nusu hiyo isingekuwapo.

Tukiendelea na akina mama, tusimsahau Vera Barclay. Tatizo lilikuwa hili: uskauti uliwekewa vijana wa miaka 11 na zaidi, lakini wadogo zao hawakukubali kuachwa nyumbani. Waliwafuata kambini, wakalia langoni. Wasimamizi wengine waliwaingiza kwa siri, wengine waliwafukuza, wengine waliwaundia kikundi chao pembeni, na wote walimwandikia Baden-Powell kumtaka awape mwongozo. Alisita miaka kadhaa. Mwaka 1914 zilitolewa kanuni za muda, nazo zilikuwa za uskauti uliofupishwa, kama suruali ya baba iliyokatwa miguu. Bibi Barclay, aliyekuwa akiwalea watoto kama hao kijijini kwake, aliona kuwa mtoto wa miaka minane si skauti mfupi, bali ni mtu wa namna nyingine, anayeishi katika hadithi. Aliitwa kusaidia, na mwaka 1916 kikatoka kitabu cha Wolf Cubs, yaani watoto wa mbwa mwitu, kilichojengwa juu ya hadithi za Mowgli za Rudyard Kipling, kwa ruhusa ya Kipling mwenyewe. Vita Kuu ilikuwa imewachukua wanaume wengi, na akina mama ndio walioyashika makundi ya wadogo. Wale waliokuwa na shaka kama mwanamke aweza kuongoza wavulana walinyamaza.

Aliye mfano bora wa mtoa shauri, kwa maoni yangu, ni kijana aliyeitwa Roland Philipps. Alikuwa mtoto wa bwana tajiri, amesoma Oxford, akaenda kufanya kazi ya kujitolea kati ya Maskauti maskini wa mashariki ya London. Aliona kosa lililoenea. Wasimamizi wengi walisimama mbele ya vijana 30 wakawaamrisha kama sajini, na viongozi wa vikosi hawakuwa na kazi ila kubeba bendera. Brownsea ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine, lakini wengi hawakuijua au hawakuiamini. Mwaka 1914 Philipps alitoa kitabu kidogo juu ya utaratibu wa vikosi. Alieleza ya kuwa msimamizi awafundishe viongozi wa vikosi, na viongozi wawafundishe wenzao. Viongozi hao waketi na msimamizi katika baraza, waamue habari za kambi, fedha na nidhamu, na neno lao lihesabiwe. Baden-Powell aliliunga mkono shauri hilo kwa nguvu zake zote. Philipps hakuyaona matunda yake, kwani aliuawa vitani Ufaransa Julai 1916, akiwa na umri wa miaka 26. Nyumba yake ya Stepney aliwaachia Maskauti.

Hapa nitasimama kidogo, maana jambo hili latuhusu. Katika shule zetu tumeona mara nyingi kundi la skauti likistawi miaka mitatu, kisha mwalimu anahamishwa, na muhula unaofuata hakuna kundi. Kamba zinaoza ghalani, bendera inakuwa pazia. Tatizo hilo Philipps alilijua kabla ya babu zetu kuzaliwa, na dawa yake ilikuwa ndiyo hiyo: maarifa yakae kwa viongozi wa vikosi, wala si katika kichwa cha mtu mmoja. Tena baraza la vijana ambalo maamuzi yake hubatilishwa kila mara na wakubwa si baraza. Vijana wataligundua hilo upesi, na hawatasema lolote la maana humo tena.

Baada ya vita, mwaka 1919, Bwana William de Bois Maclaren, kamishna wa skauti huko Scotland, alisikitika kuona watoto wa mashariki ya London hawana mahali pa kupiga kambi. Akatoa fedha zake kununua shamba la Gilwell, karibu na jiji. Baden-Powell naye alikuwa na haja ya mahali pa kuwafundisha wasimamizi. Haja hizo mbili zikaunganishwa, na Septemba mwaka ule mafunzo ya kwanza yakafanywa. Wasimamizi waliishi katika vikosi, wakapika na kulala mahemani kama vijana wao. Waliofaulu walipewa shanga mbili za mti, zilizotolewa katika mkufu ambao Baden-Powell aliuleta kutoka nchi ya Wazulu. Mpaka leo msimamizi anayefuzu mafunzo hayo huvaa shanga mbili shingoni, ila ni za kuigiza.

Sasa tuangalie mahali ambapo masikio yalizibwa. Mwaka 1909 kamishna wa London, Sir Francis Vane, alileta mashauri yake. Alisema makao makuu yamejaa maafisa wa jeshi, na kwamba watu wa kujitolea wanaofanya kazi yenyewe wanatawaliwa bila kuulizwa. Alitaka uskauti uwe wa amani, na wasimamizi wawe na sauti katika mambo ya chama. Wasimamizi wengi wa London walikuwa upande wake. Aliondolewa katika cheo chake. Akaenda kuongoza chama kingine cha skauti, na makundi mengine yakamfuata, lakini fedha zake zikamwishia na mwaka 1912 akafilisika. Ukiyasoma mashauri yake leo utaona kwamba mengi ni mambo ya kawaida sasa katika vyama vya skauti. Kijana mwingine, John Hargrave, hodari sana wa maarifa ya porini, naye alilalamika baada ya vita kuwa uskauti unanuka ujeshi na umeyasahau maisha ya msituni. Alifukuzwa mwaka 1921. Hargrave alikuwa mtu mgumu, tena mwenye majivuno, na hakika kufanya naye kazi hakukuwa rahisi. Lakini mtu mgumu aweza kuwa na neno la kweli.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la rangi. Sheria ya skauti ilisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, lakini katika makoloni milango haikuwa wazi kwa wote. Huko India watoto wa Kihindi walikuwa hawapokewi, basi Bibi Annie Besant na wenzake wakawaanzishia chama chao. Baden-Powell alikwenda India mwaka 1921, akaona kwa macho yake, na chama cha Bibi Besant kikaunganishwa na kile kikubwa. Mwaka 1932 Bibi huyo alipewa nishani ya juu kabisa ya skauti, Mbwa Mwitu wa Fedha, ingawa serikali ya Waingereza ilikuwa imepata kumzuilia kwa siasa zake.

Afrika ya Kusini mambo hayakwenda hivyo. Watoto wa Kiafrika walikataliwa, wakaundiwa chama chao cha Pathfinders, kilichoendeshwa na wamisionari na walimu Waafrika waliojitolea. Hao walitaka watoto wao waitwe Maskauti, kwa maana walitimiza ahadi ile ile na sheria zile zile. Baden-Powell alikwenda huko mwaka 1936 akajaribu kuwapatanisha. Yaliyopatikana ni matawi mbalimbali chini ya paa moja, kila rangi na tawi lake. Alijua kuwa halikuwa jambo kamili, lakini alichelea kwamba Wazungu wangejitoa. Ilipita miaka 41 kabla ya matawi hayo kuwa chama kimoja, mwaka 1977. Watoto wengi walikua na kuzeeka katika miaka hiyo. Mtu aliyeweza kusimama mbele ya bunduki Mafeking hakuweza kusimama mbele ya wasimamizi wa rangi yake, na hilo ni sehemu ya habari zake kama zilivyo shanga na pembe ya tandala.

Habari za nyumbani kwake ni fupi. Mwaka 1912 alimwoa Bibi Olave Soames, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 32, wakazaa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Bibi Olave aliingia katika kazi ya Girl Guides, na mwaka 1918 akawa Mkuu wao. Mwaka 1920, katika Jamboree ya kwanza ya mataifa yote, London, vijana walimtangaza Baden-Powell kuwa Skauti Mkuu wa Ulimwengu, na mwaka 1929 mfalme alimpa cheo cha Lord. Jamboree yake ya mwisho ilikuwa ya Uholanzi mwaka 1937. Alikuwa na miaka 80, moyo wake umechoka.

Miaka miwili kabla ya Jamboree hiyo alikuwa amefika Nyeri, chini ya Mlima Kenya, kumtembelea Bwana Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa katibu wake hapo zamani na sasa mwenye hoteli ya Outspan. Alipenda mahali pale. Mwaka 1938 yeye na mkewe walihamia huko, katika nyumba ndogo waliyojengewa kwenye uwanja wa hoteli, wakaiita Paxtu, kwa kukumbuka nyumba yao ya Uingereza iliyoitwa Pax Hill. Aliketi barazani akichora ndege na wanyama, akiandika vitabu vidogo juu yao, na kujibu barua za Maskauti zilizokuwa zikifika kutoka pande zote, mpaka vita ya pili ilipozipunguza.

Alifariki Paxtu tarehe 8 Januari, 1941, akazikwa Nyeri, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Serikali ya Uingereza ingempa nafasi kati ya wakubwa wa nchi huko London, lakini yeye alichagua kulala Kenya. Juu ya jiwe la kaburi pamechongwa duara lenye nukta katikati, ile alama ya njia ambayo skauti huiacha chini kuwajulisha wenzake kwamba amekwenda nyumbani. Bibi Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, mwaka ule ule matawi ya Afrika ya Kusini yalipoungana, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuwekwa katika kaburi la mumewe. Nyumba ya Paxtu imehifadhiwa, na makundi ya Maskauti na Girl Guides hufika hapo kila mwaka.